Chila ya ufyonzaji: data ya katalogi ikiingia EnergyPlus, uwezo unashuka kuliko grafu inavyoonyesha. Tofauti inatoka wapi?

#1 BiKikokotoo
Wakuu, salamu. Nina jengo la ofisi la ghorofa nne hapa Dar, bado liko kwenye karatasi. Mwenye jengo anataka kujua kama inalipa kupoza kwa maji ya moto ya jua, boila ya gesi ikisaidia jua likififia. Nimechagua chila za ufyonzaji (zinapoza kwa kutumia joto badala ya kompresa) za lithiamu bromaidi, hatua moja (joto linatumika mara moja tu), za Kijapani, RT 10 (tani za kupoza) kila moja. Kwenye EnergyPlus, programu ya kuigiza nishati ya majengo, natumia modeli ya Chiller:Absorption:Indirect.

Katalogi haitoi koefishenti (namba za milinganyo), inatoa grafu tu. Mhimili wa chini ni joto la maji ya moto yanayoingia, 70 hadi 95, halafu kuna mistari minne ya maji ya kupoozea: 27, 29.5, 31 na 32. Nimesoma nukta, nikagawanya kila moja kwa uwezo wa kawaida wa mashine, nikapata milinganyo mitatu ya kurekebisha uwezo: wa ivaporeta (maji ya baridi), wa kondensa (maji ya kupoozea) na wa jenereta (maji ya moto).

Sasa angalieni. Machi, saa nane mchana, maji ya moto yako 84 na maji ya kupoozea kutoka mnarani 33, simulesheni inanipa asilimia 64 ya uwezo. Grafu ileile nikiisoma kwa macho napata kama 75. Tofauti hiyo inaongeza mashine nzima kwenye bajeti, na sitaki kumpelekea mteja namba nisiyoweza kuitetea.

#2 FundiBaridi
Dada, anza na hili: kila mlinganyo lazima utoe 1 kwenye hali ya kawaida ya mashine YAKO. Kwa Wajapani wengi wa saizi hiyo ni maji ya moto 88, ya kupoozea 31, ya baridi yakitoka kwa 7. Kuna watu wanachukua koefishenti za mashine iliyopimwa Kimarekani kwa AHRI 560, kiwango chao cha kupima chila hizi, ambako ni 6.7 na 29.4, wanazibandika kwenye mashine ya 31. Hapo umeshapoteza asilimia kadhaa kabla hata jua halijachomoza. Weka 7, 31 na 88 kwenye milinganyo yako utuambie unapata ngapi.

#3 MzeeWaBoila
Nimeliona hili miaka mingi kwenye boila. Ni thamani ya joto ya gesi. Wamarekani wanahesabu thamani ya juu (pamoja na joto la mvuke wa moshi ukigeuka maji), Ulaya wanahesabu ya chini. Methani ni megajuli 55.5 kwa kilo ukihesabu ya juu, 50.0 ukihesabu ya chini. Tofauti ni karibu asilimia 11, na hiyo 11 ndiyo anayoitafuta kati ya 64 na 75.

#4 Injinia_Maskati
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo hapana. Mashine yake haichomi gesi, inakula maji ya moto. Gesi iko kwenye boila nje ya chila. Thamani ya juu au ya chini itambadilishia bili ya gesi, haitagusa uwezo wa kupoza. Angekuwa na ChillerHeater:Absorption:DirectFired, inayochoma gesi yenyewe, ningekuunga mkono, maana pale COP ya katalogi (baridi inayotoka kwa kila kiasi cha joto linaloingia) bila kujua ni thamani ipi haina maana.

Mimi naangalia mnara. Watu waliozoea chila za kompresa hawazoei ukubwa wa joto linalotupwa huku. Chukua mashine ambayo data yake iko hadharani, Yazaki WFC-SC10: inapoza kilowati 35.2, inakula 50.2 ya maji ya moto, kwa hiyo mnara unapokea 85.4. Ni karibu mara mbili na nusu ya kupoza. Kompresa nzuri inatupa mara 1.2 hivi. BiKikokotoo, hayo maji ya 33 yametoka wapi? Mnara umeuingiza kwa mkono au programu imeukadiria?

#5 KijanaWaMlimani
Jamani jibu liko kwenye muundo wenyewe wa mlinganyo. EnergyPlus inazidisha milinganyo mitatu kana kwamba kila joto linaishi peke yake. Ukiwa na 0.9 tatu unapata 0.729. Kila kosa dogo la kusoma grafu linazidishwa. Ndiyo maana anashuka hadi 64.

#6 NambaZiseme
@KijanaWaMlimani uko sahihi kwamba milinganyo imetenganishwa na kwamba mashine halisi haiko hivyo. Ila mwelekeo umeugeuza. Tuhesabu.

Wajerumani, Ziegler na wenzake, miaka ya 1990 walikuja na mlinganyo mwepesi: uwezo wa kupoza unafuata takriban mstari mnyoofu wa tofauti moja ya joto. Unachukua wastani wa maji ya moto (kuingia na kutoka), unatoa (1 + B) mara wastani wa maji ya kupoozea, unaongeza B mara wastani wa maji ya baridi. B ni namba inayotegemea myeyusho; ya lithiamu bromaidi ni kama 1.1 hadi 1.2. Nachukua 1.15.

Hali ya kawaida: maji ya moto 88 kwenda 83, wastani 85.5. Ya kupoozea 31 kwenda 35, wastani 33. Ya baridi 12.5 kwenda 7, wastani 9.75. Unapata 85.5 − 70.95 + 11.21 = 25.8.

Sasa maji ya mnara yakipanda digrii 2, unapoteza 4.3. Maji ya moto yakishuka digrii 4, unapoteza 4. Zinabaki 17.5. Gawa kwa 25.8, ni asilimia 68.

Ukitenganisha na kuzidisha: 0.833 mara 0.845 ni 0.704. Umeona? Kuzidisha kunakupa asilimia 70, kujumlisha kunakupa 68. Kwenye siku mbaya, muundo wa EnergyPlus unaipendelea mashine kidogo, hauionei. Kwa hiyo 64 haitoki kwenye kuzidisha.

Na jambo la pili ambalo ni zito zaidi kwa Dar: digrii moja ya mnara ina uzito wa zaidi ya digrii mbili za maji ya moto. Watu wanamwaga hela kwenye paneli za jua kupandisha maji ya moto digrii tatu, huku mnara umenunuliwa mdogo.

#7 FundiBaridi
Kijana wa Mlimani kaambiwa arudi darasani kwa heshima zote. Karibu kijana, hapa wote tumepitia.

#8 KijanaWaMlimani
Nimekubali hesabu, ila nilisema makosa ya KUSOMA yanazidishwa, na hilo halijajibiwa. Akisoma kila mstari chini kwa asilimia 3, anafika 64 kutoka 70 bila shida yoyote. 0.97 mara tatu ni 0.913. Mara 0.704 ni 0.643. Hiyo hapo.

#9 BiKikokotoo
Asanteni sana. Majibu kwa mpangilio:

FundiBaridi: kwenye 7, 31 na 88 napata 0.998 kwa jumla. Nadhani hapo pako sawa.

Injinia: mnara umekadiriwa na programu wenyewe, na joto lake linalingana, karibu mara 2.4 ya kupoza. Sijauchukua wa chila ya umeme.

Kijana: nimesoma grafu kwa programu ya kubofya nukta kwenye picha iliyochanganuliwa. Mistari ya 31 na 32 karibu inagusana kule kwenye maji ya moto ya 80 kushuka, kwa hiyo siwezi kuapa.

Kitu ambacho sikukiandika mwanzo: mstari wa mwisho wa katalogi ni 32. Simulesheni inafika 33, mara chache 34.

#10 Bwana_Hamburg
Hicho cha mwisho ndicho kingetakiwa kuwa mstari wa kwanza wa uzi!

Mlinganyo wa jenereta na wa kondensa pale ni wa nguvu ya tatu. Ndani ya data unatulia, ukitoka nje hata digrii moja unaweza kupiga mbizi. EnergyPlus ina sehemu za kuandika kiwango cha chini na cha juu cha x. Ukiweka 32 kama juu, ikifika 33 programu itatumia thamani ya 32. Ukiweka juu mno, inaendelea na mlinganyo popote unapoelekea. Umeandika nini pale?

Mimi natumia TRNSYS, programu nyingine ya simulesheni, kwa modeli yake ya chila iitwayo Type 107. Pale huingizi mlinganyo, unaingiza jedwali: sehemu ya uwezo na sehemu ya joto linaloingia, kwa kila joto la maji ya moto, ya kupoozea, ya baridi, na kiasi cha mzigo. Programu inasoma kati ya nukta, lakini nje ya jedwali haiendi, inashikilia thamani ya ukingoni. Ni salama zaidi, ila nayo ina udanganyifu wake: jengo likiwa na maji ya 34, itakupa majibu ya 32 kimyakimya.

#11 FundiBaridi
Kwa hiyo moja inapiga mbizi na nyingine inafumba macho. Na mteja anasubiri namba.

#12 Injinia_Maskati
Nirudi kwa mnara, maana "umekadiriwa na programu" hakujanitosha. EnergyPlus ikikadiria mnara, isipoambiwa vingine, inachukua hewa ya 35 yenye balbu nyevu (joto linalosomwa na kipimajoto kilicholoweshwa) ya 25.6. Ukiwa umeomba maji yatoke kwa 29.4, mnara unapewa digrii 3.8 tu juu ya balbu nyevu. Dar ya Machi balbu nyevu inakwenda 27 na kupita. Hapo maji yako yanapanda juu ya 30 hata kabla ya kitu kingine chochote. Badilisha ile 25.6, weka ya kwenu.

Hilo halifiki 33 peke yake, nakubali. Ila ukirudi kwenye hesabu ya NambaZiseme, kila digrii ni zaidi ya asilimia 8 ya uwezo. Sio ndogo.

Halafu niseme la mtu anayeshika spana. Jengo ninalohudumia huku lina chila mbili za ufyonzaji. Ndani ya ganda, maji yanachemka kwa 5 hivi, maana yake shinikizo liko chini ya kilopaskali 1. Hewa ikipenya kidogo tu, abzoba (sehemu inayofyonza mvuke wa maji) inapoteza nguvu, na hakuna atakayejua kwa kuangalia mashine kutoka nje. Tulikuwa tunapandisha maji ya moto, tunalaumu mnara, kumbe pampu ya kutoa hewa ilikuwa haivuti. Baada ya kuitengeneza, maji ya baridi yakarudi 7. Katalogi ni ya mashine safi, mirija safi, ombwe kamili. Dada, hiyo 64 yako usiikimbie sana. Mimi ningemuuzia mteja 64.

#13 Bwana_Hamburg
@Injinia_Maskati hapo sikubaliani kabisa. Ukitaka kupunguza kwa ajili ya uchafu na uzee, punguza wazi, andika kigezo chake, mteja akione. Huwezi kuacha mlinganyo uliokosewa ubaki kwa sababu umekosewa upande unaoupenda.

#14 Injinia_Maskati
Nimeelewa, na kwa karatasi uko sahihi. Lakini nani anayepigiwa simu jengo likishindwa kupoa?

#15 MzeeWaBoila
Mnanikumbusha friji ya mafuta ya taa ya zahanati yetu kijijini. Chanjo zilikuwa zinakaa mle, utambi unawaka chini, juu barafu. Hakuna umeme, hakuna pampu. Kama friji ile iliweza bila kompyuta, hizi zinashindwaje na Dar?

#16 NambaZiseme
Mzee, ile ni binamu yake tu. Ile ni amonia, maji na hidrojeni, kazi ya Wasweden wawili, von Platen na Munters, 1922. Moto unachemsha amonia na mapovu yanasukuma maji juu, hidrojeni inasawazisha shinikizo, ndiyo maana haihitaji pampu. Hizi za lithiamu bromaidi zinatumia maji yenyewe kama kipozeo, haziwezi kwenda chini ya digrii 4 au 5, na pampu ya myeyusho ipo. Ila kuhusu joto la nje, zote zinateseka. Muulize aliyekuwa akiiangalia friji ile mwezi wa Februari.

#17 MzeeWaBoila
Hapo umesema kweli. Februari utambi tulikuwa tunaupandisha hadi moshi.

#18 Wa_Naivasha
Nimefuata huu uzi kimya tangu jana. Huku kwetu maji ya moto ya ardhini ni mengi, shamba la maua la Oserian lilianza kupashia nyumba za maua joto kwa mvuke wa Olkaria. Nimekuwa nikiwaza ufyonzaji wa kupoza vyumba vya kuhifadhia maua kwa joto hilohilo. Nikiweka hali ya hewa ya Naivasha kwa mashine kama ya BiKikokotoo, usiku maji ya mnara yanashuka chini ya 20 na matokeo yanakuwa matamu mno, uwezo wa asilimia 140. Niamini?

#19 Bwana_Hamburg
Usiamini. Ni kosa lilelile la kutoka nje ya data, upande wa pili. Mstari wa chini wa katalogi ile ni 27. Na mashine ya lithiamu bromaidi ikipewa maji ya kupoozea ya baridi sana, myeyusho mzito unaweza kuganda kuwa fuwele kwenye kibadilisha joto, mashine inasimama. Kwenye jengo halisi utaweka vali ya kupitisha maji pembeni ya mnara ili kuyashikilia. Weka hiyo na kwenye simulesheni: joto la chini la maji ya mnara.

#20 NambaZiseme
Naongezea. Kwa vyumba vya maua vya digrii 2 hadi 4, lithiamu bromaidi haikufai, unahitaji amonia na maji. Mfano mzuri wa maji ya ardhini ni Chena kule Alaska: tangu 2005 wanalinda jumba la barafu kiangazi kizima kwa chila ya amonia inayokula maji ya 73 tu. Inawezekana kwa sababu maji ya kupoozea ya pale ni baridi sana. Ni mlinganyo uleule: ukipunguza joto la kupoozea, jenereta nayo inaridhika na joto dogo.

#21 Salma_Joto
Naomba kumpinga NambaZiseme kwenye #6, kwa upole. Umeshikilia wastani kana kwamba maji yanarudi na tofauti zilezile za 5, 4 na 5.5. Mashine ikipoza kidogo, maji ya moto yanapoa kidogo na ya mnara yanapanda kidogo. Wastani wa moto unapanda, wa kupoozea unashuka, na wa baridi nao unashuka kwa sababu yanatoka kwa 7 lakini yanarudi chini ya 12.5.

Tuseme sehemu ya uwezo ni x. Maji ya moto: 84 − 2.5x. Ya kupoozea: 33 + 2x. Ya baridi: 7 + 2.75x. Weka kwenye mlinganyo wako, unapata 21.1 − 3.64x, sawa na 25.76x. x ni 0.718. Asilimia 72, siyo 68. Iko karibu zaidi na macho ya BiKikokotoo kuliko na programu.

#22 NambaZiseme
Hesabu yako ni safi. Ila umechukua mstari unaopita sifuri na COP isiyobadilika, kama mimi. Kühn na Ziegler mwaka 2005 walipopima mashine ya kilowati 10 na kuacha data yenyewe iamue, uzito wa maji ya kupoozea ulitoka 2.5 na siyo 2.15. Ukiupeleka juu hivyo, siku ya maji ya 33 inakuwa mbaya zaidi kuliko tulivyokadiria wote wawili. Kwa hiyo tuna 64, 68, 72 na 75, na kila moja ina mzazi wake.

#23 FundiBaridi
Kwa wanaosoma baadaye: msikimbilie Chiller:Absorption ya kawaida mkidhani ni rahisi zaidi. Ile ni modeli iliyorithiwa kutoka BLAST, programu ya zamani, uwezo wake haubadiliki kwa joto lolote, inaangalia mzigo tu. Na koefishenti za mfano zinazosambaa, 0.03303, 0.6852 na 0.2818, zijumlishe: zinatoa 1.00003. Maana yake kwenye mzigo kamili joto linaloingia ni sawa na baridi inayotoka, COP ya 1. Hatua moja halisi ni 0.7 hivi. Ukizinakili bila kuangalia, eneo la paneli za jua linapungua kwa karibu theluthi, na mteja anafurahi hadi siku ya kuwasha.

#24 KijanaWaMlimani
Hiyo ya 1.00003 nimeenda kuihakiki kwenye faili nililopewa kazini. Ipo vilevile. Asante sana mkuu.

#25 BiKikokotoo
Nimefanya haya. Balbu nyevu ya mnara nimeweka 27.5, maji ya mchana ule sasa yanafika 32 na kidogo. Kiwango cha juu cha x cha kondensa kilikuwa kimewekwa juu mno, nimekifunga kwenye 32. Uwezo umepanda hadi 73.

Bwana Hamburg ataniambia nimefumba macho ya programu, Injinia ataniambia mashine haitakaa safi. Naona wote wawili mko sawa, na sijui nimwandikie mteja 73 halafu niweke kigezo cha uchafu, au nitafute data ya 33 na 34 kwa mwenye mashine kwanza.

#26 Salma_Joto
Tafuta data kwanza. Watengenezaji wengi wana programu ya kuchagua mashine, ukimwandikia wakala hali sita au saba atakupa namba za kila moja. Omba na joto linaloingia, siyo uwezo tu, maana mlinganyo wako wa jenereta nao umekaa kwenye grafu ileile.

#27 Injinia_Maskati
Na uulize mtiririko. Grafu zile ni za mtiririko kamili. Ukiweka pampu za kasi inayobadilika kwenye maji ya moto, yanayoingia yatasomeka 88 na wastani wa jenereta umeanguka, na EnergyPlus inaangalia yanayoingia tu.

#28 BiKikokotoo
Pampu za maji ya moto ni za kasi inayobadilika. Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa.

#29 Kilombero_Mvuke
Habari za humu. Mimi ni mgeni. Kiwandani tuna mvuke wa bagasi (makapi ya miwa), unapatikana wa baa 8. Nataka hatua mbili, COP ya 1.2 na zaidi. Kwenye Chiller:Absorption:Indirect nikichagua mvuke, ule mlinganyo wa joto la jenereta nao nauandaa vipi?

#30 FundiBaridi
Karibu. Ukichagua mvuke mlinganyo huo hautumiki kabisa, ni wa maji ya moto tu. Badala yake kuna digrii za kupoza maji ya mvuke baada ya kugeuka kimiminika, ndani ya jenereta na kwenye njia ya kurudi. Weka hapa hali ya mvuke wenu na joto la maji yanayorudi boila, tuanze na hayo.